Nyumba ya Mnyamwezi

Harufu ya mdalasini huwafurahisha watu wengi. Mimi hunichosha. Juzi ilinikuta nimesimama juani mjini Morogoro, viatu vimenibana, katikati ya kundi la wafanyakazi wenzangu tuliotoka Dar es Salaam kumpongeza mmoja wetu aliyestaafu. Walioandaa safari walikuwa wametutafutia kijana wa kututembeza kwa miguu katika mtaa wa kale, ule ulio kati ya soko na stesheni ya reli, atuoneshe nyumba za zamani na kutueleza habari zake. Mwanamke mmoja alikuwa amepanga barazani mafungu ya mdalasini na pilipili manga kutoka Kinole, na upepo wa mlimani ukaniletea harufu yote puani. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba nimekulia mtaa huo.

Ningesema, wangeniweka mbele. "Kumbe mama Zuhura ni mwenyeji! Hebu tusimulie!" Na siku hizi kusimulia kunanichosha kuliko kutembea. Wenzangu wa rika langu mnaujua umri huu, mtu akikosea mbele yako unamwacha tu apite, kwa sababu kumsahihisha kutakugharimu mchana mzima.

Yule kijana, Fredi, hakuwa mbaya kazini. Alikuwa na fulana ya kijani, sauti ya mtangazaji wa mpira, na heshima. Kila mzee tuliyempita alimwamkia shikamoo kwanza ndipo atuoneshe mlango wake. Alitueleza jinsi njia ya misafara ilivyopita pale, wapagazi wa Kinyamwezi na pembe za ndovu mabegani, wakilala chini ya mlima kabla ya kushuka pwani. Yote hayo ni sawa. Halafu akakata kona, akasimama mbele ya nyumba yenye baraza ndefu na madirisha ya mbao yaliyokuwa ya buluu zamani, akangoja watu wote wafike.

"Hii sasa," akasema, "wazee wa mtaa wanaiita Nyumba ya Mnyamwezi. Inasemekana ilikuwa ya tajiri mmoja kutoka Tabora, na humu ndani aliweka watumwa wake wa Kiluguru. Kila asubuhi alikuwa anakuja kuwakagua."

Wenzangu wakaguna kwa huruma. Dada mmoja wa uhasibu akaigusa nguzo ya baraza, akasema, "Maskini ya Mungu," kisha akaomba apigwe picha. Mtumwa wa mwisho kukaa katika nyumba hiyo ni mimi, nami nilikuwa nyuma yao najipepea na kitambaa.

Nyumba ile aliijenga Babu yangu kwa cherehani. Alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa hapo barazani, karibu na nguzo ile ile aliyoishika dada wa uhasibu. Mama yangu alikuwa ameolewa tena huko Kilombero, kwenye mashamba ya miwa, akaniacha kwa wazazi wake nikiwa mdogo. Tulikuwa watatu, Babu, Bibi na mimi, na sauti ya cherehani ikianza kabla uji haujachemka.

Na kila asubuhi, kweli, Mnyamwezi alikuja. Fredi hakudanganya. Jina lake Mzee Maganga, mkazi wa Mwembesongo, maisha yake yote mchukuzi wa mizigo pale stesheni mpaka mguu ulipomkataa. Alikuwa anafika akiburuta mguu huo, anasimama mbele ya baraza, fimbo juu, na kutuamkia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, watumwa! Nyumba yangu imelala salama?"

Babu hakuinua hata macho kwenye kitambaa. "Pita zako, mpagazi. Babu yako alichoka njiani akatua mzigo, ndiyo maana na wewe uko hapa unatusumbua."

"Na wewe je? Si uliteleza shambani kwenu ukabiringika mpaka huku mjini? Watu gani nyie mnalima mmejifunga kamba kwenye mti!"

Nyote mliokulia bara mmeshaelewa. Mluguru na Mnyamwezi ni watani tangu enzi hizo za misafara. Mtani atakutukana, atakuita mtumwa, atachukua kitu chako akiwa anakutazama, na kwenye msiba wako atacheka, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye mwenye aibu. Lakini mimi nilikuwa sijafikia hata umri wa shule, na hakuna mtu anayemkalisha mtoto chini akamweleza utani ni nini. Niliyoyasikia niliyachukua kama yalivyosemwa. Kuna mtu alikuwa akija kila asubuhi kudai nyumba yetu, na Babu alikuwa mzee mno kumfukuza.

Kilichonimaliza ni wageni wake. Ndugu zake wakiteremka kwenye treni ya kutoka Tabora, Mzee Maganga hakuwapeleka kwake moja kwa moja. Aliwatembeza mtaa mzima kwanza, na vifurushi vyao vichwani, akiwaonesha msikiti, bomba la maji, duka la kanga, nyumba ya mtu aliyewahi kumiliki pikipiki. Mwisho alisimama kwetu. "Na hii ndiyo nyumba yangu. Humu nimeweka Waluguru wangu. Huyu mzee ananishonea, yule mama ananipikia. Hako," akininyooshea fimbo, "bado kadogo, nakaacha kakue." Wageni walicheka mpaka vifurushi vikayumba. Bibi aliwatolea maji ya kunywa. Mimi nilikuwa nimeshajibanza nyuma ya mlango wa uani, naangalia kwa upenyo.

Siku moja aliingia mpaka ndani, akachungulia chumba cha uani, akasema, "Hiki kitanifaa mimi na mguu wangu." Tangu siku hiyo nilihamishia mkeka wangu humo. Bibi aliuliza kwa nini, nikasema kuna ubaridi mzuri. Nilikuwa nalinda.

Mtu niliyempenda alikuwa Mjomba Rajabu, mtoto wa dada yake Babu. Alishuka kutoka Kinole na tenga la ndizi na mananasi, na mdalasini aliokuwa ameukausha mwenyewe, na kabla hajakaa aliniwekea kijiti kimoja kiganjani nitafune. Hakuwahi kupaza sauti. Aliniita "mama". Alizunguka nyumba taratibu, akigonga ukuta kwa kidole, akiniuliza mambo ambayo hakuna mtu mzima mwingine aliyeniuliza. Paa la huku linavuja? Mlango huu ni wa mninga, eti? Chumba hiki nani analala? Nilimjibu kwa furaha yote, nikaona kwamba angalau kuna mtu mmoja anayeijali nyumba yetu. Bibi siku hizo alikaa jikoni akikwangua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. Nilidhani amechoka tu.

Halafu kifua cha Babu kikaharibika. Cherehani ikafunikwa shuka. Mjomba Rajabu alikuja mara mbili tatu, akaketi pembeni ya kitanda, akasema maneno mazuri, akaondoka kabla jua halijazama kwa sababu njia ya mlimani ni ndefu. Mzee Maganga alikuja kila siku na kukaa mpaka jioni. Alimnywesha uji kwa kijiko huku akimtukana. "Kufa basi, Mluguru, nihamie. Unanichelewesha." Babu alicheka mpaka kikohozi kikamkaba, na Mzee Maganga akamshika mgongo. Mimi niliona kicheko na niliona kikohozi, nikaviunganisha, nikaamini kwamba ndivyo anavyomuua. Nikawa nasimama mlangoni na ufagio mkononi.

Babu alikufa siku ya mvua. Waombolezaji walijaa, wanawake ndani kwenye mikeka, wanaume nje chini ya turubai. Bibi alikuwa amelia mpaka sauti imeisha. Ndipo mlangoni akatokea Babu. Koti lake lile la kahawia, miwani yake, futi ya ushoni imening'inia shingoni, na kikohozi chake kabisa kabisa. Ilinichukua muda kuona kwamba ni Mzee Maganga. "Nani amesema nimekufa?" akasema kwa sauti ya Babu. "Nilikwenda shamba, nikateleza." Wanawake waliokuwa wakilia wakaanza kucheka, na Bibi akacheka nao, machozi yakiwa bado yanatiririka, na mimi nikaona dunia nzima imepata wazimu. Nilimrukia nikamng'ata mkono. Akautazama mkono, akaninyanyua juu watu wanione. "Ee! Kumbe Waluguru wana meno!" Wakazidi kucheka.

Ikafika siku ya kuanua tanga. Wazee wa ukoo wa Babu walikuwa wameteremka kutoka mlimani, wakaketi uani, Bibi pembeni na mimi nimemwegemea. Hapa niseme jambo moja kwa wasiotujua. Sisi Waluguru ukoo hupita kwa mama. Mali ya mwanamume huwaendea watoto wa dada yake, si mkewe wala wajukuu waliozaliwa na binti yake. Mjomba Rajabu hakuwa mwizi. Mila ilikuwa upande wake, na alikuwa na watoto wengi kwenye shamba lililochoka. Nimeshindwa kumchukia mpaka leo, na nimejaribu.

Akasema kwa ile sauti yake laini, "Wazee wangu, mama amechoka. Amemuuguza mjomba muda mrefu. Naona sasa tumpumzishe. Arudi kwao Matombo, na sisi tuiangalie nyumba."

Nilifurahi. Tungepanda gari, Bibi angepumzika. Nikamtazama usoni nimpe habari njema kwa macho, nikamkuta anaangalia mikono yake. Sikujua kwamba huko "kwao" kaka zake wote walikuwa wameshakufa, na shamba la ukoo wake lilikuwa limeshagawanywa kwa watu ambao hata sura yake hawaikumbuki. Wazee walikuwa wanatikisa vichwa kukubali. Bibi hakuwa na sauti katika kikao hicho. Mila haikumpa.

Mzee Maganga alikuwa nyuma, bado na koti la Babu. Akainuka, akapita katikati ya kikao akiburuta mguu, akafika mlangoni, akajilaza kifudifudi juu ya kizingiti, kichwa ndani, miguu nje.

Wazee wakacheka. Mkubwa wao, mzee aliyekuwa haoni vizuri, akauliza kuna nini, akaambiwa. "Mtani," akaita, "amka. Tukupe nini?" Maana mtani akizuia jambo msibani hafukuzwi, hupewa.

"Sitaki kitu. Nimelala nyumbani kwangu."

Akatolewa jogoo. Akasema jogoo wa Kiluguru ana miguu mirefu kwa kupanda milima, hatafuniki. Akaambiwa basi achukue koti. "Koti ninalo. Hamnioni?"

Mjomba Rajabu akasogea. "Mzee Maganga, tafadhali. Utani tumeufurahia. Sasa tunaongea mambo ya familia."

Mzee Maganga akageuza shingo taratibu. "Rajabu. Umekasirika?"

Nilikuwa mdogo lakini niliona shingo zote zilivyogeuka. Mjomba akarudi nyuma hatua moja. "Hapana, mzee. Sijakasirika."

"Haya. Kama hujakasirika, nivuke uingie ndani. Nivuke, kama mama yako alikufundisha kuvuka watu wazima." Mjomba hakuvuka. "Basi nipe changu. Mimi nyumba ninayo, mguu sina. Nani atanilindia? Nipeni huyu mwanamke wa marehemu, na hako katoto kanakong'ata watu. Wakae humu wanilindie nyumba mpaka Mungu atakapomwita mama huyu. Mkinipa hao nainuka. Msiponipa, nileteeni wali hapa hapa."

Yule mzee asiyeona alicheka mpaka akavua kofia kufutia macho. "Mpeni mpagazi watumwa wake," akasema, "tupate kula." Na wengine wakaitikia, "Mpeni! Mpeni!" Mjomba Rajabu akacheka pia, kwa kuwa watu walikuwa wanamtazama. Lilikuwa limeshasemwa mbele ya ukoo mzima, na alilopewa mtani msibani hakuna anayerudi kumnyang'anya.

Mzee Maganga akainuka, akakung'uta vumbi kwenye koti. Mimi nililia kwa sauti. Nilikuwa nimeelewa kila neno: tumegawiwa. Bibi naye alijifunika kanga usoni, mabega yakimtetemeka, nikajua tunalia jambo moja.

Ndivyo nilivyokua. Asubuhi ilikuwa ile ile, "Watumwa, nyumba yangu imelala salama?", ila aliyejibu sasa alikuwa Bibi. "Imelala, mpagazi. Haina mizigo ya kubeba, nenda." Mkokoteni wowote uliolia barabarani nilidhani ndiyo kitanda chake kinaletwa. Hakikuletwa. Wageni wa Tabora waliendelea kutembezwa, wakioneshwa nyumba na watumwa wawili waliobaki, na nilipoanza shule nilikuwa napita njia ya nyuma ili nisikutane nao. Mjomba Rajabu alizidi kupunguza safari. Akija aliketi barazani, akasikiliza kifua cha Bibi kama kinakohoa.

Nilikuwa madarasa ya juu ya shule ya msingi Mzee Maganga alipofariki. Bibi alijitwisha furushi la matambara, akatembea na fimbo mpaka Mwembesongo, nami nyuma yake. Akaingia kwenye msiba wa watu akichechemea mguu wa marehemu, akitwanga fimbo chini. "Mpagazi ametua! Nani atabeba mizigo yetu sasa?" Wanawake wa Kinyamwezi wakacheka na kulia, wakamkumbatia, wakamkalisha mbele.

Wakati wa kurudi nilimuuliza swali nililokuwa nimelibeba tangu asubuhi. "Bibi, sasa tuko huru?"

"Huru na nini?"

Nikamweleza. Kwamba mwenye nyumba amekufa, hatuna bwana tena. Bibi alisimama katikati ya barabara. Kisha akaketi kwenye ukingo wa mtaro akacheka mpaka akanitia hofu, na alipomaliza akanivuta mkono nikae.

"Mwanangu, yule ndiye aliyetuweka humu. Bila yeye tungekuwa Matombo, tunalala jikoni kwa watu. Rajabu akija na mdalasini wake mimi silali. Maganga akinitukana asubuhi najua leo tena tupo." Akajifuta uso na kanga. "Na babu yako alimwomba. Akiwa pale kitandani alimwomba."

Nililia hapo mtaroni kuliko nilivyomlilia Babu. Watu waliotoka msibani walipita wakanipa pole, wakidhani mimi ni mjukuu wa marehemu. Uchungu ule haujanitoka wote. Mtu alinipenda kwa miaka yote hiyo na mimi nilikuwa napita njia ya nyuma.

"Kuna swali?" Fredi akauliza, akipiga makofi kutukusanya.

Dada wa uhasibu alikuwa nalo. "Wale watumwa mwishowe waliachiwa?"

"Historia haisemi," Fredi akajibu. Akanigeukia. "Mama, mbona kimya? Umechoka?"

"Nimechoka, mwanangu. Nendeni, nitawasubiri hapa."

Wakaenda kuoneshwa stesheni. Nikavua viatu nikakaa barazani. Mlango una kufuli, na kwa upenyo wa dirisha nikaona makreti ya soda yamepangwa mpaka darini. Wapwa wa Mjomba Rajabu ndio walioiuza nyumba, yeye akiwa ameshatangulia mbele ya haki.

Bibi aliishi sana. Nilimaliza shule, nikaajiriwa, nikawa narudi kila likizo, na alinifia mikononi katika chumba cha uani. Kwenye msiba watu wa ukoo wa Babu walikuja kwa heshima zote. Mjomba Rajabu, mvi kichwa kizima, alinishika bega akasema, "Mama, umemuuguza bibi yako vizuri. Sasa na wewe ukapumzike." Safari hii nililielewa neno hilo. Nikatazama barabarani. Kutoka Dakawa alikuwa amefika mjukuu wa Mzee Maganga, mtu wa makamo anayelima mpunga huko, sura ya babu yake tupu, na nilipomwona moyo ulinipanda. Nikasogea pembeni ya mlango nimpishe kizingiti. Alinijia taratibu, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema, "Poleni sana, dada. Ni kazi ya Mungu." Kisha akatafuta kiti nyuma kabisa, akakaa kimya kwa adabu mpaka mwisho.